Pampu Haizai Maji: Hesabu ya Bwawa la Nyumbani

(Maneno ya Kamati ya Fedha mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Tunashukuru kupewa nafasi kabla ya chakula, maana baada ya chakula hakuna anayesikiliza hesabu. Miaka iliyopita kamati ya fedha imezoea kusimama hapa kusoma mapato na matumizi, kupigiwa makofi machache na kukaa chini. Mwaka huu hesabu zimechapwa kwenye kijitabu hiki hiki mlichonacho mkononi, kila mtu atazisoma kwa wakati wake. Sisi tunaomba tuzungumzie jambo moja tu ambalo mmeliagiza wenyewe: pampu za mabwawa ya nyumbani.

Mnakumbuka agizo lilivyokuwa. Nyumbani kwetu kaya nyingi zimechimba bwawa nyuma ya nyumba au chini kidogo ya uwanja, kwenye kijibonde. Wengine wanafuga perege, wengine kambale, wengine wanahifadhi maji ya kumwagilia mboga na miche ya parachichi. Kiangazi kikifika, maji yapo bondeni na bustani iko juu. Kati yao yupo mama na ndoo. Mkasema: chama kinunue pampu, kina mama wapumzike. Ni wazo zuri na sisi tunaliunga mkono. Lakini kabla hatujawaomba fedha, tunawajibika kuwaonyesha fedha hizo zitaenda wapi na zitaleta nini.

Ndoo mia moja

Tuanze na mzigo wenyewe, tuupime. Chukueni bustani ya mita 20 kwa 20. Si kubwa, inatosha chainizi, figiri, kabichi, nyanya kidogo na miche ya parachichi pembeni. Katika kiangazi kikavu, mboga zilizokomaa zinataka maji ya milimita 5 hivi kwa siku. Mita za mraba 400 mara milimita 5 ni lita 2,000. Hizo ni ndoo 100 za lita 20. Ni tani mbili za maji, kila siku, kupandishwa mlima.

Kama kutoka bwawani hadi kwenye matuta ni hatua za mita 40, kwenda na kurudi ni mita 80. Ndoo 100 ni kilomita 8, nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila siku na bado akapika, akaenda shambani, akahudhuria kikao. Ndiyo maana bustani nyingi za kiangazi nyumbani zinaishia matuta matatu. Tusidhani ni uvivu. Mama amepiga hesabu yake bila kalamu, akaona mwili wake unaishia pale. Na jioni watoto wanaotoka shule ndio wanaomaliza ndoo zilizobaki, madaftari yakisubiri kibatari.

Sasa tazameni upande wa pili. Kupandisha tani hizo mbili kwa kimo cha mita 10 kunahitaji nguvu isiyofika yuniti moja ya umeme. Haifiki hata moja ya kumi ya yuniti. Ni sawa na taa ya wati 10 iliyowashwa saa tano na nusu. Pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi njiani, tuseme theluthi mbili, kwa hiyo tuzidishe mara tatu. Bado paneli moja ya sola ya wati 100 inaikamilisha kazi hiyo kwa chini ya saa mbili za jua kali, na tukiweka ya wati 150 au 200 tunakuwa tumejikinga na siku za mawingu na ukungu, ambazo Njombe tunazijua. Kazi inayomchosha mtu mzima mchana kutwa, jua linaifanya asubuhi na kumaliza.

Kwa hiyo faida ipo, wala haina ubishi. Tatizo liko kwingine.

Daftari la maji

Sisi wahasibu tuna kasumba moja: kabla ya kuuliza mtu anatumia kiasi gani, tunauliza anaingiza kiasi gani. Bwawa nalo ni kama akaunti ya benki. Pampu ni kadi ya kutolea fedha tu. Ukimpa mtu kadi nzuri hujamwongezea mshahara.

Chukueni bwawa la mita 10 kwa 10 lenye kina cha wastani wa mita 1. Likijaa lina lita 100,000. Kwa macho ni maji mengi sana. Bustani yetu inachukua lita 2,000 kwa siku. Jua na upepo vinachukua zao. Tuseme milimita 4 kwa siku, ambazo kwenye bwawa hilo ni lita 400. Jumla lita 2,400 kwa siku, na hapo hatujahesabu yanayozama ardhini. Bila maji mapya kuingia, bwawa linakauka siku ya 42. Kama mna samaki na mnataka kuwabakizia angalau nusu ya maji, mna siku 20 tu. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa 6 hadi mvua za mwezi wa 11, ni siku 150.

Ndugu zetu, hapa ndipo pampu inapoweza kuwa adui. Mtu wa ndoo hawezi kukausha bwawa; anachoka kwanza. Pampu haichoki. Mtu akifurahia mashine mpya, akamwagilia kwa raha mwezi wa 6 na wa 7, mwezi wa 8 anaokota samaki kwenye tope.

Dawa yake ni kipimo ambacho hakina gharama. Nenda pale maji yanapoingilia bwawani, iwe chemchemi au mfereji. Kinga ndoo ya lita 20, tazama saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 12 au pungufu, chanzo kinaleta lita 2,400 au zaidi kwa siku nzima, na bustani yetu ya mfano ina uhakika. Ikijaa kwa dakika 24, punguza bustani iwe chini ya nusu. Ikichukua saa nzima, usinunue pampu. Panua bwawa kwanza, au kinga maji ya mabati wakati wa mvua. Na kipimo hiki kifanyike mwezi wa 10, chemchemi ikiwa imechoka kabisa. Mwezi wa 3 kila mtu Njombe ana maji.

Tunapendekeza hili liwe sharti la kwanza la mfuko wetu: hakuna pampu kabla ya kipimo cha ndoo, na kipimo kiandikwe daftarini, kishuhudiwe na jirani wawili.

Kama ni mserereko, usinunue kitu

Kabla ya kuchagua mashine, kuna swali ambalo mtu wa mjini hulisahau. Je, bwawa liko juu ya bustani au chini yake? Nchi yetu ni ya miinuko. Wazee wetu wanaujua mradi wa maji wa Wanging'ombe ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF: maji yalishuka yenyewe kwa mserereko kutoka milimani hadi vijijini. Kipindi hicho hicho serikali ilikuwa na mpango wa miaka 20, kuanzia 1971, wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Sehemu nyingi nchini zilizowekewa mashine za dizeli zilikwama kwa kukosa mafuta na spea. Maji ya mserereko hayaulizi bei ya mafuta.

Kwa hiyo, kaya ambayo bwawa lake liko juu inahitaji bomba tu, chujio na koki. Na kaya inayoweza kuhamisha bwawa likawa juu, karibu na mfereji wa kuingiza maji, ifikirie hilo kabla ya kutuandikia barua ya kuomba pampu.

Kwa wale ambao bwawa liko chini, zipo njia nne.

Ya kwanza ni pampu ya kukanyaga kwa miguu. Wakenya wameitumia tangu miaka ya 1990 kwa jina la MoneyMaker, na huku kwetu pia imefika. Haihitaji mafuta wala jua, ila inahitaji miguu ya mtu, na kwa kimo kirefu inachosha. Kwa bustani ndogo na kimo cha mita chache, ni ya kuheshimiwa.

Ya pili ni pampu ya petroli. Ina nguvu kupita mahitaji ya bustani moja. Lita 2,000 inazimaliza kwa dakika chache. Hii inafaa kaya nyingi zikishirikiana, ikizungushwa kwa zamu. Ubaya wake ni mafuta ya kila siku, na petroli ikidondokea bwawani samaki wanakufa.

Ya tatu ni pampu ya umeme wa gridi, kwa aliye karibu na nguzo. Ni rahisi kutumia, lakini umeme na maji ni jambo la hatari; tutalirudia.

Ya nne ni pampu ya sola. Bei yake ya kuanzia iko juu, bei yake ya kila siku ni sifuri. Kwa kaya moja yenye bwawa na bustani ya ukubwa tuliousema, kamati inaona hii ndiyo inayofaa zaidi, mradi kipimo cha ndoo kimefaulu.

Mlima unapunguza pampu

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana ni jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatakuambia, pengine kwa sababu naye hajafika Njombe.

Pampu inayokaa juu ya maji haivuti maji kwa nguvu zake peke yake. Inatoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Pwani, uzito huo unaweza kuyapandisha maji mita 10 hivi kwa kanuni, na kwa kazi halisi mita 7. Njombe mjini tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Kile kipimo cha mita 10 kinashuka hadi 8 na ushee, na kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya mita 5. Makambako, iliyo juu ya mita 1,600, iko nafuu kidogo tu. Pampu iliyoandikwa mita 7 kwenye boksi ikiwekwa mita 6 juu ya maji nyumbani kwetu, itanguruma na isitoe kitu. Fundi atalaumiwa, muuzaji atalaumiwa, kumbe ni mlima. Injini ya petroli nayo, kwa hewa hiyo hiyo nyepesi, inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake.

Suluhisho ni rahisi: pampu ikae karibu na maji. Kusukuma maji kwenda juu ni kazi inayoiweza. Kuyavuta kutoka chini ndiko kunakoishinda. Isizidi mita 3 au 4 juu ya uso wa maji, na uso huo upimwe kiangazi, bwawa likiwa limeshuka. Pampu ya kuzamishwa majini haina shida hiyo kabisa.

Namna ya kuifunga

Haya yafuatayo tuliyapitia pamoja na mafundi, tunayaandika ili mwenye kaya asimame na fundi wake akijua anachotazama.

Kwanza, mdomo wa mpira wa kuvutia usilale chini ya bwawa. Chini kuna tope, na tope ni msasa unaokula pampu. Ufungwe kwenye dumu tupu linaloelea, uning'inie nusu mita chini ya uso wa maji. Bwawa likishuka, nao unashuka. Dumu hilo lifungwe kwa kamba fupi yenye kikomo, ili maji yakifikia nusu ya bwawa mdomo ubaki hewani na kazi ikome yenyewe. Samaki watakuwa wamebakiziwa sehemu yao bila ugomvi wa familia. Kwa pampu inayozamishwa majini, swichi ya boya ifanye kazi hiyo hiyo. Mwenye pampu aizime mara moja inapofika hapo, kwani kuizungusha bila maji kunaiunguza.

Pili, mdomo huo uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, na chujio lililofunikwa kwa wavu wenye matundu madogo. Vifaranga vya samaki hupita tundu ambalo hukulidhania.

Tatu, pampu inayokaa nje ya maji ijazwe maji kabla ya kuwashwa kwa mara ya kwanza. Ikizunguka kavu, mihuri yake inaungua.

Nne, bomba la kupandisha maji lisiwe jembamba. Watu hubana matumizi hapa, na ni hasara. Kwa maji yale yale, ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, msuguano ndani yake unaongezeka karibu mara 30. Bomba la inchi moja kwa bustani ya nyumbani ni uamuzi mzuri, hata kama la nusu inchi ni rahisi.

Tano, wekeni simtanki juu ya kichanja, upande wa juu wa bustani. Jua linajaza tangi mchana. Jioni, jua likiwa limepoa, unafungua koki na maji yanashuka kwa mserereko. Tangi la lita 2,000 linachukua nafasi ya betri, na halifi baada ya miaka mitatu.

Sita, maji yanayozidi tangini yarudishwe bwawani yakidondoka kutoka juu, yapige uso wa maji. Kudondoka huko kunaingiza hewa wanayopumua samaki. Hewa hiyo hupungua zaidi alfajiri, na pampu ya sola alfajiri imelala. Kwa hiyo wenye samaki wengi wasiitegemee hiyo peke yake, wasijaze samaki kupita kiasi. Tuna bahati moja: maji ya baridi hushika hewa zaidi kuliko ya joto. Lakini baridi hiyo hiyo ndiyo inayomfanya perege wa Njombe akue polepole, kwa sababu yeye hupenda maji ya nyuzi 25 na kuendelea. Anayewapigia hesabu samaki wake kwa kitabu cha Morogoro atasikitika.

Saba, kwa wenye umeme wa gridi: waya wa ardhi uwepo, swichi inayokata umeme unapovuja iwepo, na mtu asiingie bwawani wakati pampu imewashwa. Hapa hakuna punguzo.

Nane, bwawa lizungushiwe uzio wenye lango linalofungwa. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kina cha mita moja kufa maji. Kaya isiyo na uzio haitapata pampu ya chama. Hili halina mjadala.

Majirani na sheria

Maji ya bwawa lako yana jirani chini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kwa anayechepusha au kukinga maji ya chanzo na kuyahifadhi kwa kazi kama kilimo, na vibali hutolewa na bodi za maji za mabonde. Kwa mito inayoelekea Rufiji, Ruhuji ukiwa mmojawapo, bodi yake ina ofisi Iringa. Kwa upande unaoshuka Nyasa ni Bonde la Ziwa Nyasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tunajua jambo hili ni zito kwetu, maana vinyungu ni kilimo cha mababu, na vinyungu viko mabondeni. Lakini chama kikiweka fedha mahali ambapo sheria inakataa, siku ya kuondolewa ni fedha zenu zitakazoondolewa. Kila kaya itakayoomba ipitie serikali ya kijiji au mtaa na ofisa wa maji, ituletee barua.

Fedha

Sasa tufike pale mlipopangojea.

Wapo kati yetu waliopendekeza tununue pampu 20 kabla ya Krismasi, tupande nazo basi, tuzigawe, tupige picha. Tunaelewa hamu hiyo. Mtu akichanga anataka kuona. Lakini wengi wenu mnaijua pampu moja iliyotolewa kwenye kijiji kimoja cha kwetu, kwa sherehe na nyimbo. Iliharibika muhuri wa shilingi elfu chache. Hakukuwa na mfuko wa muhuri, hakukuwa na aliyejua unauzwa wapi, na hakukuwa na aliyejua pampu ni ya nani. Leo iko chini ya kitanda cha mtu. Aliyeitoa tayari ana picha yake.

Kamati inapendekeza tuanze na kaya 8: 4 upande wa Njombe na 4 upande wa Makambako. Kila shilingi 100,000 mtakayochanga tuigawe hivi: 60,000 pampu, paneli na tangi, 15,000 mabomba, valvu na wavu, 10,000 usafiri na fundi, 15,000 mfuko wa matengenezo ambao hautaguswa kwa jambo jingine lolote, hata la msiba. Tunajua neno hilo la mwisho linauma. Msiba una mfuko wake.

Vifaa vinunuliwe Makambako, si Kariakoo. Mtasema Kariakoo ni rahisi. Ni kweli, siku ya kununua. Lakini Makambako ndipo barabara ya Mbeya na ile ya Songea zinapoachana, reli ya TAZARA inapita, na Njombe iko kilomita 60 hivi tu. Muhuri ukikatika Jumatatu, mtu anapanda gari asubuhi na jioni yuko nyumbani na spea. Duka lililouza ndilo lenye spea, na ndilo lenye dhamana. Kila ununuzi uwe na risiti ya EFD yenye jina la chama. Bila risiti, kamati hailipi.

Kaya nayo ina sehemu yake: inachimba mtaro wa bomba, inajenga kichanja na uzio, na inaweka akiba. Tupige mfano. Tuseme pampu yenyewe, bila paneli, ni shilingi 300,000 na tunategemea idumu miaka 5. Ni 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Ni mafungu kumi ya mboga kwa shilingi 500. Kaya inayomwagilia mita 400 za mraba ikishindwa kutenga mafungu kumi kwa mwezi, basi haijahitaji pampu. Baada ya miaka 5 itanunua ya pili kwa fedha yake, bila kumwandikia mtu yeyote barua, na hilo ndilo lengo letu. Tunataka chama kisahaulike kwenye bustani ile.

Lipo jambo la mwisho, na tunaomba wazee watuvumilie. Daftari la mali la chama litaandika pampu kwa jina la mtu anayemwagilia. Katika kaya nyingi mtu huyo ni mwanamke. Sote tumeona misiba ambayo mume hajamaliza arobaini na tayari shemeji anabeba baiskeli, ng'ombe, mabati. Hatutaki mali ya chama iingie kwenye msafara huo. Pampu itabaki mali ya chama kwa miaka 2 ya kwanza, kisha itakabidhiwa kwa maandishi kwa yule aliyeandikwa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kama kuna anayeona tunawakosea heshima wanaume wa kwetu, kikao kipo, tuzungumze leo hapa, si baada ya mtu kufa.

Ndugu Mwenyekiti, tunajua kaya 8 ni chache kuliko mlivyotarajia. Mwakani mwezi wa 10 tutakwenda kupima tena ndoo kwenye vyanzo vyote vinane, tutahesabu samaki, tutafungua vitabu vya akiba, na taarifa itachapwa kwenye kijitabu kama hiki, yaliyofaulu na yasiyofaulu. Kama pampu 8 zitakuwa zinafanya kazi, tutawaomba fedha za 16. Kama zitakuwa 5, tutawaambia 5 na tutawaeleza sababu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Andikeni kiasi mnachoweza kutimiza, na tarehe. Sisi wa kamati tumeshajaza zetu, ziko kwa mweka hazina, mnaruhusiwa kuziangalia.

Sasa chakula.